Uso wa Wilf Ukutani

Kila siku shule ilipofungwa, Lore Seligsohn hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye ukumbi wa kijiji, akavaa aproni kuukuu, akaosha brashi za baba yake na kutwanga rangi mpaka ziwe laini kama unga. Kisha alifagia vipande vya plasta vilivyoanguka sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kuliko hesabu.

Baba yake, Bwana Justus Seligsohn, alikuwa mchoraji wa kuta. Kwao Ujerumani alichora kwenye shule na hospitali, mpaka Wanazi waliposhika nchi wakasema Myahudi haruhusiwi kuchora. Wakazikwangua picha zake zote. Mama yake Lore alikuwa amekwisha kufariki, basi baba na binti wakakimbilia Uingereza, wakafikia Harthwaite, kijiji cha milimani ambako watu huchimba mawe na kuyachoma tanurini kupata chokaa. Wanakijiji walikuwa na chokaa tele na ukumbi wenye kuta tupu. Bwana Seligsohn alikuwa na ufundi wake. Wakaelewana.

Mwanzoni walimcheka. "Picha ukutani? Si apake rangi moja tu tukalale?" Lakini alipoanza kuwachora wao wenyewe, wachoma chokaa wakawa hawabanduki pale ukumbini. Walisimama nyuma yake wakimsahihisha.

"Hapana, bwana! Ukishika sepetu hivyo utaungua ndevu!"

Naye hakukasirika. Aliibandua plasta ile mbichi, akapaka nyingine na kuanza upya, mpaka mwenye sepetu aridhike.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Vita vilikuwa vimepamba moto, na mwaka mmoja kabla ya kisa hiki serikali ya Uingereza iliamuru Wajerumani wakamatwe, hata wale waliofukuzwa na Wajerumani wenzao. Konstebo Metcalfe, askari pekee wa kijiji, alikuja asubuhi, akavua kofia mlangoni na kusema kwa adabu, "Bwana Seligsohn, fungasha nguo zako." Adabu ile haikumsaidia Lore kitu. Baba alikaa miezi mingi kwenye kambi ya kisiwani, nyuma ya seng'enge, na Lore akalelewa na mwalimu wake. Baba aliporudi alikuwa amekonda na anakohoa. Tangu hapo Lore akiiona kofia ya konstebo, hata kwa mbali, anabadili njia.

Sasa konstebo huyo huyo alikuwa ameanza kuja ukumbini. Alikuja kila jioni, akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, bila kusema neno. Alitazama mahali pamoja tu, kando ya tanuri, palipochorwa kijana anayecheka. Kijana huyo alikuwa Wilf, mwanawe wa pekee. Wilf alikuwa mchoma chokaa kabla ya kujiunga na jeshi la majini, na alipokuja likizo ya mwisho Bwana Seligsohn alimchora karatasini kwa kalamu, na kwa mchoro huo akamweka ukutani. Baadaye meli yake ilizamishwa na Wajerumani.

Lore aliwahi kuona mtu akisimama vile. Kule kwao, wanaume wawili walisimama mbele ya ukuta wa baba, mikono nyuma, kimya. Kesho yake ukuta ulikwanguliwa, na baba akalala rumande. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Edna, binti wa muuza nyama, ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. Walikuwa uwanjani wakati wa mapumziko.

"We Lore, baba yako hana haya?"

"Kafanya nini?"

"Mjerumani kumchora Wilf! Wajerumani wamemuua, halafu Mjerumani anambandika ukutani anacheka. Konstebo kanuna, huoni? Anangoja siku tu. Baba yako atarudishwa kulekule kwenye seng'enge."

"Baba si Mjerumani wa namna hiyo!"

"Kamwambie konstebo," Edna akasema, akaondoka zake akirukaruka.

Mchana ule Lore hakusikia hata somo moja. Alijua kwamba baba yuko mjini kwa daktari wa kifua na atarudi na basi la jioni. Aliingia ukumbini peke yake. Ndoo ya chokaa ya maji ilikuwa pembeni, na brashi pana juu yake. Alijiambia kwamba uso ule ukiondoka, konstebo hatakuwa na cha kununia, na baba hatachukuliwa. Akapanda ngazi. Alipaka mara moja kwenye kidevu, akasita, kisha akapaka haraka haraka, macho kayafumba nusu, mpaka Wilf akatoweka. Mahali pake pakabaki doa jeupe, limelowa.

Hakuwa ameshuka vizuri aliposikia buti nje. Akajitupa nyuma ya pazia la jukwaa.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia konstebo, lakini safari hii hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono mkewe, Bi. Hilda, mama ambaye tangu msiba hakuwa ametoka nyumbani ila kwenda kanisani.

"Taratibu, Hilda," konstebo alisema. "Hutaki, turudi."

"Nataka. Umeniambia kila siku jinsi anavyocheka. Na mimi nimwone mwanangu."

Hatua zikasogea mpaka mbele ya ukuta, zikasimama.

"Yuko wapi?" Bi. Hilda akauliza. "Ulisema kando ya tanuri."

Lore alimwona konstebo kwa upenyo wa pazia, mdomo wazi, amekuwa kama mtu aliyepigwa kofi.

"Jana alikuwepo," alisema hatimaye. "Nimemtazama jana kwa macho yangu."

Bi. Hilda hakulia kwa sauti. Alikaa chini sakafuni, pale pale, na koti lake, akajifunika uso.

Lore alielewa yote mara moja, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Konstebo hakuwa akinuna. Alikuwa akija kumtazama mwanawe! Na sasa yeye Lore amemfuta. Akitoka, konstebo atajua ni binti wa Seligsohn, na wa kulipa atakuwa baba. Akinyamaza, nani atajua? Kijiji kina watoto watundu tele. Kule kwao alifundishwa kujificha, na kujificha kuliwaokoa.

Lakini alilitazama lile doa tena. Pembeni lilikuwa limeanza kuwa jeupe zaidi, yaani linakauka. Mtoto wa mchora kuta hahitaji kuambiwa maana yake. Picha yenyewe ilikuwa salama chini, maana rangi za baba zilipakwa plasta ikiwa mbichi, zikazama ndani na kushikana nayo. Chokaa ya juu ilikuwa ngozi tu. Ila ngozi hiyo ikishakauka na kugandamana, haitoki mpaka ikwanguliwe kwa patasi, na patasi haina huruma kwa uso wa mtu.

Akatoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi," alisema. "Bwana Konstebo, ni mimi niliyempaka. Baba hajui, hayupo, kaenda kwa daktari. Nichukue mimi."

Konstebo aligeuka. Alikuwa mtu mkubwa, na Lore alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe? Kwa nini, mtoto?"

"Ulikuwa unasimama tu! Unasimama unatazama, husemi! Kule kwetu wakisimama vile, kesho yake wanamchukua baba. Wewe uliwahi kumchukua." Akanyosha kidole kwenye lile doa. "Lakini anatoka! Chokaa bado mbichi. Maji safi tu, na sponji, upesi, kabla haijakauka!"

Aliyesema kwanza ni Bi. Hilda, kutoka pale sakafuni, akimgeukia mumewe.

"Umesimama nini, George? Mtoto kasema maji. Kalete maji!"

Konstebo akatupa kofia juu ya kiti, akakimbia na ndoo tupu mpaka kisimani. Lore akapanda ngazi. "Msisugue," aliwaambia. "Gusa, kamua, gusa tena. Hivi." Bi. Hilda akakamua sponji, konstebo akashika ngazi. Maji meupe yakatiririka ukutani mpaka kwenye buti zake. Likatoka jicho moja, kisha la pili, kisha kile kicheko.

"Ndiye," Bi. Hilda alisema. "Ndiye huyo, mjinga wangu."

Hapo ndipo Bwana Seligsohn alipoingia, ametoka kwenye basi. Alimwona konstebo mbele ya ukuta na binti yake juu ya ngazi analia. "Bwana Metcalfe," akasema polepole, "nikafungashe nguo zangu?"

Konstebo akamtazama, akainamisha kichwa. "Hapana, bwana. Usifungashe kitu. Mimi ndiye nilipaswa kusema tangu siku ya kwanza kwa nini nakuja. Nilishindwa pa kuanzia." Akajifuta uso kwa mkono wenye chokaa. "Babu zetu wamechoma chokaa hapa tangu enzi na enzi. Hakuna aliyetuambia kwamba inaweza kumtunza mtu. Mpaka ulipokuja wewe."

Lore akamweleza baba yake yote, bila kuficha hata lile la Edna. Upande wa sikio, mahali chokaa ilipokauka kwanza, palikuwa pamebaki ukungu mweupe usiotoka. Baba alipapasa pale kwa kidole, kisha akakaa kwenye ngazi na kumvuta binti yake karibu.

"Siwezi kukulaumu kwa kuogopa," alisema. "Mimi mwenyewe nimeogopa sasa hivi hapo mlangoni. Lakini hofu isishike brashi, Lore. Ikikujia, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado bichi, kama ulivyofanya leo. Ungengoja mpaka kesho, hata mimi nisingeweza kumrudisha."

"Nilitaka kunyamaza, Baba."

"Najua. Na hukunyamaza."

Siku iliyofuata, jioni, mlango wao uligongwa. Lore alishtuka, kikombe kikamponyoka, kwa sababu hofu haihami nyumba kwa siku moja. Baba akainuka. Lore akamwambia, "Kaa, Baba," akaenda mwenyewe, akashika kitasa, akafungua.

Nje alisimama Bi. Hilda Metcalfe, na mbwa mzee mwenye sikio moja lililolala.

"Baba yako kamsahau huyu," alisema. "Wilf hakwenda tanurini hata siku moja bila yeye. Basi nimemleta achorwe."