Maneno Matano ya Kitinda

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kufika nyumbani kwa fundi kufuli. Huko, asiyefunzwa na mamaye hakufunzwa na mtu yeyote, maana ulimwengu nao ulikuwa na shughuli zake.

Kila asubuhi ilikuwa vilevile. Mama aliketi kwenye cherehani akishona mapazia ya watu. Baba alikunywa chai yake wima, tupa ya kuchongea funguo ikiwa tayari mfukoni. Kitinda, mtoto wa mwisho, mwenye umri wa miaka sita, alikaa mkekani na sare yake ya darasa la kwanza, akitazama midomo ya watu. Dada yake wa miaka kumi na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa wingi wa maneno, alimfunga kamba za viatu bila kusema lolote. Hakununa. Ilikuwa amri.

Amri hiyo ilitokea kibandani, Baba alikokuwa akichonga funguo. Siku moja alikuja mteja na mtoto mdogo aliyemwaga Kizungu kama bomba lililopasuka. Baba alirudi nyumbani amebadilika. Wakati huo Kitinda alikuwa na miaka miwili, ndio kwanza anaanza kusema.

"Kuanzia leo huyu asisikie Kiswahili humu ndani," alisema. "Ni Kizungu tu. Kiswahili atakiokota barabarani, kimejaa tele."

Shida ni kwamba Kizungu chenyewe hakikuwepo. Baba alijua maneno matano: njoo, kula, keti, lala, nyamaza. Mama alijua mawili kati ya hayo, mengine akayasema kwa kidole. Zamani, alipokuwa akimlea Kasuku, Mama alishona huku akisimulia. Kila kitambaa kilikuwa na habari zake: hiki ni cha mwanamke bahili, amepima dirisha kwa khanga; hiki kinakwenda kwa bwana anayeogopa jua. Kwa Kitinda, cherehani ilinguruma peke yake.

Na Baba? Kibandani watu walisahau safari zao wakimsikiliza. "Kufuli yako haijaharibika, mama," angemwambia mteja, "imenuna tu, tuibembeleze." Akifika nyumbani, ulimi aliutundika mlangoni pamoja na kofia.

Barabarani nako Kitinda hakuokota kitu. Watoto walimsemesha, wakaona anatazama tu. "Bubu huyo, twendeni," wakasema, wakaenda.

Kasuku aliyaona yote hayo, lakini aliogopa kofi. Mwezi uliopita tu ndipo alipoanza kuvunja amri. Jioni alimchukua mdogo wake hadi bombani, na katika foleni ya maji akamtajia kila kitu: ndoo, mfuniko, kuku wa jirani anayedonoa watu miguu. Wakirudi mlangoni, kimya.

Ndipo ikaja barua ya shule. Mtoto hasemi, iliandikwa, tunadhani hasikii. Wazazi wafike naye kabla hajahamishiwa shule ya bweni ya viziwi. Mama alimsikiliza Kasuku akiisoma, kisha akaendelea kushona. Alishona pindo zima bila uzi sindanoni.

Walikwenda wote wanne. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima mwenye chaki hadi kwenye nyusi, hakuanza na maneno. Alidondosha rula nyuma ya Kitinda. Mtoto akageuka.

"Anasikia vizuri," alisema Mwalimu. "Basi niambieni, nyumbani mnaongea naye nini?"

"Kizungu, Mwalimu," Baba alijibu, kifua mbele. "Tangu ana miaka miwili."

"Kizungu gani? Hebu nisikie."

Baba akayataja. Hayakuchukua hata pumzi moja.

"Na mengine?"

"Ndiyo hayo."

Mwalimu alivua miwani. "Baba Kitinda, hayo ni ya kumwitia mtoto na kumfukuzia. Ya kuongea naye yako wapi? Haya, mwambie kitu sasa hivi. Kwa Kiswahili chako, kile unachotuchekeshea kibandani."

Baba akamgeukia Kitinda. Alikohoa. "Mwanangu," alianza.

Kitinda alisikia sauti ya baba yake, akaketi wima, mikono magotini, midomo imebanwa. Alidhani ameamrishwa.

Baba akashindwa kuendelea.

Kasuku hakuweza kuvumilia. "Kitinda," alisema kwa upole, "mwambie Mwalimu. Tulimwona nani bombani?"

Kitinda alimtazama baba yake kwanza. Kisha akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Kuku. Ana hasira."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanawe akiunganisha maneno.

"Hahamishwi," alisema Mwalimu. "Lakini darasa la kwanza litamshinda. Atarudi chekechea, akae na watoto wa miaka mitatu, na bado siwaahidi kitu. Miaka minne imekwenda, na mimi sina duka la kuinunulia. Sikilizeni, na wewe binti sikiliza, utazaa. Mtoto huanza kusoma kabla hajaona herufi. Neno la kitabuni linatakiwa liwe neno alilokwisha kulisikia kinywani mwa mama yake, kwenye utani wa baba yake. Mwenzake akisoma 'kuku', anamwona kuku. Huyu anaona wino. Mpeni lugha mnayoijua, mumpe kwa wingi, kila siku. Hicho Kizungu kitapata pa kusimama baadaye."

Walitoka hadi langoni. Kitinda alishika vidole vya dada yake, akitazama midomo ya kila mtu, na kila mdomo ulikuwa umefungwa.

Baba ndiye aliyesema kwanza, na hakusema na Kitinda.

"Kwa hiyo ulikuwa ukinipinga kwa siri."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikataza, na ulinisikia. Umeniaibisha mbele ya Mwalimu."

"Mwombe baba yako radhi, mwanangu," Mama alinong'ona. "Yaishe. Turudi nyumbani."

Kofi aliloliogopa miaka minne lilikuwa karibu, urefu wa mkono tu. Alimvuta Kitinda nyuma yake.

"Kwa kuchelewa kuongea naye, nitamwomba Kitinda radhi," alisema. "Wewe, Baba, sikuombi. Leo jioni nitaongea naye tena, na kesho. Sikuombi radhi."