Kwa Nini Kishindo Aliruka

"Anacheza? Mwenye kucheza anachana nguo ya mtu?"

Mama Redio alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni. Mkono mwingine aliuinua juu ili kila mpangaji auone. Kitambaa cha gauni lake jipya kilining'inia kama ulimi wa mbuzi.

"Jirani, sikusema anacheza," alijibu Mama Vifungo. "Nimesema sijui kwa nini amekurukia."

"Hujui! Gauni umelishona wewe, mbwa ni wako, mlango ni wako, halafu hujui! Nani ajue, mimi?"

Kinyozi alitoka chumba cha mbele, mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake alitoka mteja aliyenyolewa upande mmoja tu. Naye hakutaka kupitwa na ugomvi.

"Hata mimi alinirukia wiki iliyopita," alisema Kinyozi. "Nilifuata suruali yangu. Nikadhani hapendi mafuta yangu ya nywele."

"Mafuta yako hata sisi yanatutoa mbio," alisema yule mteja.

Watu wakacheka. Mama Redio hakucheka.

"Chekeni tu," alisema. "Leo hii mwenye nyumba atasikia."

Na Mama Redio akisema mtu atasikia, huyo mtu atasikia. Jina lile hakupewa bure. Habari haikulala nyumbani kwake bila kutangazwa.

Mama Vifungo aliingia ndani. Kishindo alikuwa amejibanza chini ya cherehani, masikio yamelala. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye kovu juu ya jicho. Alimtazama mama huyo kama anayeuliza: nimekosea wapi?

"Umeniponza, mwenzangu," Mama Vifungo alimwambia. "Umejiponza na wewe."

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Akisafiri, nyumba ilibaki na wanawake wawili: Mama Vifungo na mama mkwe wake, ambaye ua mzima ulimwita Bibi. Mama Vifungo alikuwa halali vizuri. Kila panya akipita darini, yeye yuko macho. Ndipo akaenda kwenye kituo kinachotunza mbwa waliotupwa, akamchukua Kishindo. Tangu siku hiyo mbwa alilala mlangoni, naye akalala usingizi wa mtoto.

Mchana, Mama Vifungo akishona, Kishindo alikaa karibu na mguu wake. Alikuwa mpole. Bibi alimkanyaga mkia mara ngapi, wala hakunguruma. Lakini wateja! Mteja aliingia, akasalimiwa, akakaa. Mbwa alitulia tu. Mara mteja anapewa nguo yake, mbwa huyo juu!

Aliporukiwa Kinyozi, Bibi alitoa ushauri. "Mpige ndala ya pua, mwanangu. Atashika adabu."

Mama Vifungo alimpiga. Kishindo hakuacha kuruka. Alichojifunza ni kuogopa ndala. Sasa Bibi akivua ndala tu, mbwa anaonyesha meno.

Simu iliita. Alikuwa mwenye nyumba.

"Mama Vifungo, mimi sitaki maneno mengi. Lalamiko moja tena, moja tu, mbwa aondoke. Akibaki, hama naye."

Simu ikakatwa. Mama Vifungo alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alijua jambo ambalo ua mzima haukulijua. Kishindo alikuwa amekwisha kurudishwa kituoni na familia mbili. Alipomchukua, aliambiwa wazi: kituo kimejaa, na mbwa aliyerudishwa mara ya tatu kwa kurukia watu hapati tena nyumba. Daktari wa mifugo humchoma sindano ya mwisho.

Akapiga simu kituoni. Akapokea mwanamke aliyemkabidhi Kishindo. Kazi yake ilikuwa kuwatunza mbwa wale na kuwatafutia makazi.

"Dada yangu, mbwa ameruka tena. Safari hii..."

"Ngoja," alisema Mtunzaji. "Kwanza mtu. Ameumia?"

"Jino limemkwaruza kidogo tu mkononi."

"Mkwaruzo wa jino ni jeraha. Aoshe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asiguseguse tu. Aoshe robo saa nzima. Kisha aende zahanati leo leo."

"Lakini Kishindo amechanjwa. Ninyi wenyewe mlimchanja."

"Hata hivyo aende. Kichaa cha mbwa hakina mzaha. Kikishamwanza mtu hakitibiki, lakini akiwahi kuchanjwa kinazuilika. Mpeleke wewe mwenyewe. Mimi nitakuja kesho. Na tafadhali, usimpige mbwa."

Kwa hiyo Mama Vifungo akameza aibu, akabisha mlango wa jirani. Mama Redio alinuna, lakini alinawa, na wakaenda zahanati pamoja. Kwenye foleni alisimulia mkasa wake. Mwanzo wa foleni mbwa alikuwa mbwa. Walipofika kwa muuguzi, mbwa alikuwa na ukubwa wa ndama.

Kesho yake Mtunzaji alifika na mfuko begani. Hakumkimbilia mbwa. Alikaa kwenye kiti, akamwacha Kishindo amnuse viatu.

"Niambieni," alisema. "Kabla hajaruka, nini hutokea?"

"Anachukia rangi ya njano," alisema Bibi. "Gauni la jirani lilikuwa la njano."

"Na suruali ya Kinyozi?"

"Nyeusi," alikiri Bibi. "Basi labda huyu mbwa ni mwizi. Anataka nguo."

"Nafikiri ni wivu," alisema Mama Vifungo. "Nikimkaribia mteja, roho inamuuma."

Mtunzaji alitikisa kichwa. "Hayo ni mawazo yetu. Mimi nataka kujua mlichokiona na mlichokisikia. Endeleeni na kazi kama kawaida. Ila mfungeni kamba kwanza, na wewe uishike mwisho."

Wakaendelea. Bibi alimimina chai. Mama Vifungo, kamba mkono mmoja, akampelekea mgeni kikombe.

"Shika chai, dada."

Kishindo akaruka! Kamba ilikaza, Mama Vifungo nusura aanguke, chai ikamwagika sakafuni. Mtunzaji hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama wima kama nguzo, mikono ameikunja kifuani, macho ameyageuza pembeni. Mbwa alibweka, akakosa wa kukimbiza, akatulia.

"Nisamehe, dada! Yarabi, nisamehe!" Mama Vifungo alikuwa analia. "Umeona? Hatabadilika huyu. Mchukue. Mchukue mimi nisione."

"Futa machozi," alisema Mtunzaji taratibu. "Hebu nipe tena kikombe. Ila useme 'pokea'."

"Pokea," alisema Mama Vifungo, akijikaza, akisubiri kamba imvute.

Kishindo alikuwa anajikuna sikio.

"Sema 'chukua'."

"Chukua chai, dada."

Mbwa alipiga mwayo.

"Sasa ishike kamba vizuri. Sema lile neno la kwanza."

"Shi..." Mama Vifungo aliogopa kumalizia. Kisha akasema, "Shika."

Kabla neno halijaisha, Kishindo alikuwa hewani.

Bibi alishika mdomo.

"Huyu aliwahi kuwa mbwa wa ulinzi," alisema Mtunzaji. "Mlinzi humwonyesha mbwa mwizi, anamwambia 'shika!', naye anakamata. Sisi tulimwokota barabarani, hatukujua alikotoka. Na kituoni tunawasukumia chakula kimyakimya. Hatusemi shika."

Akajipiga paji la uso.

"Familia ya kwanza walisema anamwonea mtoto wivu. Alimrukia shangazi alipokuwa anapewa mtoto ampakate."

"Shika mtoto," alinong'ona Bibi.

"Familia ya pili walikuwa na duka. Walisema anachukia wateja wakipewa chenji."

"Shika chenji yako!" Mama Vifungo alisema. "Masikini, kumbe kila siku tunamtuma, halafu tunampiga kwa kutii!"

Alipiga magoti, akamkumbatia. Kishindo alimlamba machozi, maana yalikuwa na chumvi.

"Msifurahi mapema," alisema Mtunzaji. "Mkimchokoza ataruka bado. Sasa ndiyo kazi."

Akaeleza. Wateja wanapokuwepo, mbwa afungwe kamba, na kwa sasa avae kifuniko cha mdomo, kile kinachomwacha anywe maji na kuhema vizuri. Apewe mkeka wake pembeni. Afundishwe neno moja tu, "mkekani". Akienda, apewe kipande cha chakula papo hapo. Neno shika liondoke nyumbani kabisa. Akishazoea mkeka, walirudishe polepole. Mmoja asimame mbali, aseme "shika" kwa sauti ya chini, na mwingine papo hapo atupe chakula mkekani. Siku kwa siku, neno lile litakuwa na maana nyingine kichwani mwake.

"Na ndala?" aliuliza Bibi.

"Ndala ni ya mguuni, Bibi."

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Kumbe neno shika limejaa mdomoni kama mate! Bibi aliapa hatalisema, kisha akasema, "Jamani, kiuno kimenishika." Kishindo aligutuka. Wakakubaliana kwamba atakayelisema atafagia ua. Wiki ya kwanza Bibi alifagia mpaka Kinyozi akamwuliza kama ameajiriwa, na siri ya neno lile ikaenea ua mzima.

Mama Vifungo hakucheka sana. Alishona huku moyo uko mlangoni. Kila mteja akibisha, aliikagua kamba upya. Siku moja mzigo wa wasiwasi ulimzidi, akashona mkono wa shati ndani nje. Alifumua, akashona tena. Kishindo alikuwa mkekani, kifuniko mdomoni, anamtazama.

Polepole mambo yakasogea. Kishindo alijifunza mkeka. Kisha wakaanza lile neno, kwa mbali, kwa sauti ya chini, na kipande cha chakula kikaanguka mkekani. Mara za mwanzo alikurupuka, kamba ikamzuia. Baadaye aligeuza kichwa tu. Baadaye zaidi, akisikia shika, alikimbilia mkekani, akakaa, akadondosha udenda. Mtunzaji alikuja tena na tena kuangalia. Mwisho akasema kifuniko kinaweza kuvuliwa, ila kamba ibaki.

Likabaki gauni la njano. Mama Vifungo alikuwa amelishonea mkono mpya kwa kitambaa kilekile. Alituma salamu kwamba liko tayari. Siku zikapita bila Mama Redio kuonekana. Kisha, mchana mmoja chakula kikiwa jikoni, kivuli kikasimama mlangoni.

"Hodi. Siingii," alisema Mama Redio. Simu ilikuwa mkononi. "Nipe gauni langu hapahapa. Na nakwambia mapema, huyo mbwa akinyanyua hata unywele, nampigia mwenye nyumba."

"Haya, jirani. Kamba ninayo. Akikusogelea, simama kama nguzo, usimtazame."

"Ameshakuwa simba, hata kutazamwa hataki?"

Mama Vifungo alifungua mdomo aseme pokea. Lakini Bibi, aliyefurahi kumwona mgeni, alikuwa ameshalichukua gauni kwenye msumari.

"Karibu mwanangu! Ona lilivyopendeza. Haya, shika gauni lako!"

Bibi mwenyewe alisikia alichosema. Macho yakamtoka.

Kishindo alisimama. Manyoya ya shingo yakasimama pia. Mama Redio akawa nguzo kwelikweli, macho darini, midomo ikisoma dua. Mama Vifungo aliikaza kamba kwa mikono miwili. Lalamiko moja. Moja tu.

Mbwa alimtazama Mama Redio. Akamtazama Bibi. Kisha akageuka, akatembea mpaka mkekani, akakaa kitako. Akaanza kulamba midomo, akingoja haki yake.

Mama Vifungo alitoa kipande mfukoni, akamtupia. Kipande kikaanguka nje ya mkeka. Kishindo alikifikia kwa kunyoosha shingo, bila kutoka kwenye mkeka.

"Amekwenda?" aliuliza Mama Redio, macho bado darini.

"Amekaa, jirani. Tazama."

Mama Redio alishusha macho taratibu. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu. Akaitazama na simu yake. Kisha akapiga namba, na Mama Vifungo akaenda kusimama karibu na mkeka.

"Haloo, mwenye nyumba? Ni mimi. Aa, hakuna ubaya. Nilitaka kukwambia nimeona kwa macho yangu. Yule mbwa ameambiwa anikamate, na amekataa. Ndiyo, nakwambia! Amekataa! Mwache akae. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo..."

Simulizi ilikuwa ndefu. Alipoikata simu, alikuwa bado kizingitini, gauni limelala begani, na harufu ya maharage ilikuwa imejaa mlango mzima. Bibi alikuwa ameshaongeza sahani ya nne, maana Mtunzaji naye alikuwa njiani.

"Sasa jirani," alisema Mama Vifungo, akijipangusa uso kwa kipande cha kitambaa, "utatangazia mlangoni mpaka lini? Vua viatu, nawa mikono, uingie tule."