Mama Makoti Apima Macho kwa Futi Kamba

Seremala hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Ukimwonyesha meza ya fundi mwingine, ataipapasa chini, ataguna, basi. Lakini mkewe alimsifu hadharani, tena bila haya. "Koti la mke wangu ukilivaa ndani nje," alikuwa akisema, "watu watadhani ndio mtindo." Na hakuwa anatia chumvi. Mishono ya mkewe ilinyooka hata ndani ya bitana, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Mkewe alishona makoti tu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Makoti. Chumba cha mbele kilikuwa chake. Cherehani ilikaa dirishani. Mezani kulikuwa na pasi, chaki na mkasi ambao ole wako uukatie karatasi. Futi kamba ilikaa shingoni mwake kutwa, hata wakati wa kula. Seremala alifanya kazi uani. Asubuhi walikunywa chai pamoja, kisha kila mmoja alikwenda kwenye vumbi lake, yeye la mbao na mkewe la chaki.

Siku hizi Seremala aliitwa mbele mara kwa mara. "Baba watoto, nitungie uzi." Alikung'uta mikono, akatunga uzi kwenye sindano, akarudi uani. Mwanzoni alimtania mkewe kwamba atadai mshahara. Baadaye aliacha, kwa sababu mkewe hakucheka. Matundu ya vifungo aliyoyashona kwa mkono yalianza kwenda upande. Kisha mteja mmoja akarudisha koti. Hakugomba. Aliliweka tu mezani, akaonyesha kola kwa kidole.

Jioni ile Mama Makoti alikunja kitambaa polepole. "Nikimaliza hili koti la mwalimu mkuu, cherehani nauza," alisema. "Bora niache watu wakiwa bado wananisifu."

Maneno yale yalimkata Seremala maini. Alikuwa amezeeka na mlio wa cherehani ile, na nyumba bila huo mlio hakutaka hata kuifikiria.

Si kwamba hawakuhangaika. Mama Makoti alikuwa amekwenda kliniki ya macho, akapimwa, akapewa cheti cha miwani. Kliniki yenyewe haikuuza miwani. Binti yao, ambaye ni msusi, alisema siku hizi mambo ni simu. Unachagua fremu, unaandika namba za cheti, miwani inaletwa mlangoni. Basi wakaketi wote chumba cha mbele, binti akanakili namba moja moja. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka duka la kwenye simu lilipouliza umbali kati ya mboni mbili za macho. Kwenye cheti nafasi hiyo ilikuwa tupu.

"Mama, wanataka kipimo," binti alisema.

Mama Makoti alicheka, na ilikuwa siku nyingi hajacheka. "Kipimo? Hapo wamenifuata nyumbani kwangu."

Akaivua futi kamba, akampa binti yake, akamwelekeza. Anza katikati ya jicho hili, pita juu ya pua, fika katikati ya jicho lile. Usiiache ielee, kwa sababu futi kamba hufuata mwili. Halafu akamwambia aongeze kidogo kila upande. Ilikuwa nafasi ya mshono, ili miwani isije ikambana.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni na rula mfukoni. Aliiona futi kamba ikipanda pua na kushuka upande wa pili. Moyo wake ulimwambia kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini katika nyumba ile aliyejua kupima mwili wa mtu alikuwa mmoja, na hakuwa yeye. Akaiacha rula mfukoni.

Miwani ikaja. Fremu ilimpendeza Mama Makoti kweli, na mumewe hakuacha kumwambia. Lakini alipoketi kushona, mshono mmoja ukawa miwili. Kichwa kikaanza kumgonga. Kufika alasiri aliivua, akaiweka kando ya chaki.

"Si miwani," alisema. "Macho yangu ndiyo yamekwisha. Nitafutie mnunuzi wa cherehani."

Seremala aliitikia shingo upande, ila hakumtafuta mtu.

Kesho yake alikuja mpima macho wa kliniki ile ile. Alikuwa na koti lake jeupe la kazi, akitaka mikono ipunguzwe. Alimwamkia Mama Makoti, akamwamkia na Seremala, ambaye alikuwa ameitwa kutunga uzi. Mara akaiona miwani pale mezani.

"Mama, mbona miwani imelala na wewe unafanya kazi?"

Mama Makoti alimweleza yote, na kwamba macho yake yamefika mwisho. Mpima macho hakubisha wala hakumpa pole. Aliomba kuona cheti, na pia yale waliyoliandikia duka. Binti aliitwa na simu yake. Mpima macho aliviweka vyote viwili juu ya meza ya kukatia, akaanza juu.

"Kwanza tarehe. Cheti ni cha mwezi huu, vizuri. Kama kingekuwa cha zamani, ningekwambia kapimwe upya, maana macho hubadilika." Akashusha kidole. "Mstari huu ni jicho la kulia, huu la kushoto. Kulia kwako wewe mwenye macho, si kulia kwa anayekutazama. Sasa ona alama hii ya kujumlisha. Inasema unahitaji msaada wa karibu, kama kwenye sindano. Ingekuwa ya kutoa, tungesema huoni vizuri mbali. Ukikosea alama hiyo tu, umenunua miwani ya mtu mwingine."

"Hizi namba za pembeni je?" binti aliuliza. "Nilinakili tu. Sikujua ni za nini."

"Umenakili sawasawa. Uso wa jicho la mama haukuviringana sawa pande zote. Namba hii inasema kasoro ni kiasi gani, na hii ya mwisho inasema kioo kilale upande gani." Akamgeukia Mama Makoti. "Mama, ukikata kitambaa kikalala upande usio wake, inakuwaje?"

"Koti linapinda, hata ulishone vipi."

"Na kioo ni hivyo hivyo."

Mama Makoti alisogeza kiti. Seremala aliona uso wake umebadilika. Hivyo ndivyo alivyomtazama fundi yeyote aliyeijua kazi yake, na hakumtazama hivyo kila mtu.

Mpima macho akafika kwenye nafasi ya mwisho, akasita. Umbali kati ya mboni ulikuwa umeandikwa milimita sabini na nne. Aliuliza wameupataje. Mama Makoti alimweleza habari ya futi kamba, kisha, kwa sauti ya chini kidogo, habari ya nafasi ya mshono.

Mpima macho aliuma midomo asicheke, lakini binti alishindwa kujizuia. Mwishowe Mama Makoti mwenyewe akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Macho yako hayana shida, mama," mpima macho alisema. "Kila kioo kina kitovu chake, na kitovu hicho lazima kikae mbele ya mboni. Hapa vitovu vimesukumwa nje, na macho yanalazimika kuhangaika kutwa nzima. Ndiyo maana kichwa kinauma na mshono unakuwa miwili. Umbali huu haupimwi kwa kufuata pua. Unapimwa moja kwa moja hewani, kutoka mboni hadi mboni, kwa rula iliyonyooka."

Seremala alitoa rula mfukoni kimya kimya, akaiweka mezani.

"Ulijua?" mkewe aliuliza.

"Nilihisi."

"Siku nyingine ukihisi, sema."

Mpima macho aliketi mbele ya Mama Makoti, macho yao yakiwa usawa mmoja. Aliishika rula kwenye paji la uso, akapima, akarudia. Ilikuwa karibu hamsini na nane. Hata hivyo hakuiandika. Alisema kliniki wana chombo cha kupimia, na miwani ya kusomea na kushonea hupimwa macho yakitazama karibu. Wangepaswa kuijaza nafasi ile tangu mwanzo, na yeyote anayetaka kununua kwa simu aombe ijazwe kabla hajaondoka kliniki.

Wakafanya hivyo. Duka lilikubali kuipokea miwani ya kwanza na kutengeneza nyingine. Hiyo ya pili ilipofika, Mama Makoti hakuivaa. Aliipeleka kwanza kliniki, vioo vikalinganishwa na cheti. Vilikuwa sawa.

Aliporudi aliketi dirishani, akavaa miwani yake. Alichukua sindano, akatunga uzi mwenyewe, mara moja tu. Seremala alikuwa ameacha kazi uani ili aone. Alifurahi waziwazi, na hakuona haya.

Kisha Mama Makoti alilitungua koti la mwalimu mkuu, lililokuwa limeshapigwa pasi. Aligeuza kola. Akalitazama tundu la kwanza la kifungo, la pili, la tatu. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Mke wangu, hilo si limekwisha?" Seremala alisema. "Hakuna atakayeona."

"Mimi naona."

Seremala akavuta kigoda, akakaa kumtazama. Baada ya muda alimuuliza kama bado amtafutie mnunuzi.

"Mnunuzi wa nini?" alisema Mama Makoti, na hakuinua kichwa.