Saini ya Kila Asubuhi

Dirisha la dawa la hospitali ile lilikuwa limezingirwa na watu, kila mmoja kainua karatasi yake juu. Katikati ya msukosuko huo, mwanaume mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, bahasha ya kaki kwapani, alikuwa akisukumwa huku na huku. Hakufuata dawa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumuelekeza wodi ya wanawake.

"Kaka, unanikanyaga."

Akatazama chini. Kiatu chake cheusi kilikuwa juu ya kandambili ya mtu. Akainua macho taratibu: gauni la njano lililombana kiunoni, shingo ndefu, nywele zimekusanywa utosini na katikati yake imechomekwa bisibisi ndogo, kama kibanio.

"Samahani dada, sikuona."

"Utaonaje, na macho unayo darini? Kalamu mfukoni, wewe daktari?"

"Hapana."

"Basi usitutishe."

Akacheka. Alikuwa hajacheka kwa siku mbili, na kicheko kilimtoka kwa shida. "Na hiyo bisibisi?"

"Mimi fundi simu. Wenzangu wanatembea na rangi ya mdomo, mimi natembea na bisibisi. Hebu lete hiyo simu yako." Aliichukua mkononi mwake bila kuomba, akaigeuza, akasikitika. "Kioo kimepasuka hivi na wewe unatembea nayo tu! Hii namba yangu. Nipigie nikutengenezee, Kalamu."

Jina hilo likamganda tangu siku ile.

Alipoelekezwa wodi, alipanda ngazi, akafika kwenye mlango wa kioo, akasita. Kwenye kitanda cha tatu kutoka dirishani alilala mama mmoja, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Pembeni yake, akimpangusa uso kwa kitambaa, alikaa yule dada wa gauni la njano.

Kalamu aligeuka na kushuka ngazi mbili mbili kama mwizi.

Ndani ya ile bahasha mlikuwa na fomu. Yeye alikuwa msimamizi wa usalama kwenye kiwanda cha maboksi, na mama yule alikuwa mfanyakazi wa mashine ya kukata. Mashine ile ilikuwa na kifuniko chenye swichi. Ukikifungua, visu vinasimama. Lakini kila viliposimama kazi ilichelewa, na mkurugenzi hakutaka kusikia habari ya kuchelewa. Ndipo swichi ikafungwa kwa waya, mashine ikawa inakata hata ikiwa wazi. Juzi yake karatasi ngumu ilikwama, mama akaingiza mkono kuivuta kama alivyozoea, na vidole vitatu vikabaki humo ndani. Fomu ilisema ajali imetokana na uzembe wa mama. Ilikuwa inasubiri mama aisaini.

"Nimemkuta amelala," Kalamu alimwambia mkurugenzi. Kesho yake akatumwa mtu mwingine.

Alijua hapaswi kumpigia yule binti. Alimpigia jioni ile ile.

"Nilijua tu," alicheka Fundi. "Kidole kimepata pa kubonyeza?"

"Kimepata, ila kimekatwa na kioo."

"Pole laazizi. Na bado hujaona, moyo wako nao nitaufungua nione kilichoharibika."

Wakaanza hivyo. Alimfuata kibandani kwake, kwenye jengo lenye mafundi kibao, akakaa kwenye kigoda akimtazama anavyoinamia simu za watu, ulimi kautoa kidogo pembeni ya mdomo. Walikula chipsi kwenye mfuko mmoja. Fundi akamsimulia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na mama mdogo ndiye aliyemlea, kwa mkono ule ule uliokatika vidole. Kalamu akausukuma mfuko wa chipsi upande wake.

Siku moja Fundi alimpigia akilia.

"Unajua walichomfanyia? Mkono wa kusaini hana, basi wakampaka wino kidole gumba cha kushoto, wakakigandamiza kwenye fomu yao. Dawa bado zinamzungusha kichwa! Upo?"

"Nipo."

"Hivi kiwanda kizima hakuna mtu kazi yake ni kuangalia zile mashine? Mtu huyo anakula, anashiba, analala?"

"Sijui, mpenzi," alisema. Uso ulimwaka moto, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Mama mdogo akaruhusiwa kurudi nyumbani, na Fundi akaanza kumwita Kalamu aje atambulishwe. Jumapili ya kwanza Kalamu alisema ana msiba. Ya pili akasema ana safari. Ya tatu akakohoa kwenye simu, akasema mafua. Jumatatu yake Fundi alimwita mgahawani mchana, akaja amevaa bluu ya giza, uso mkavu, hakukaa.

"Una mke."

Kalamu akasogeza kikombe chake pembeni.

"Niambie tu. Mwanaume asiyetaka kuonekana kwa watu ana mke. Na watoto wangapi?"

Angeweza kukana. Lakini akikana ataulizwa sababu, na sababu ilikuwa mbaya kuliko mke. Akainamisha kichwa. Fundi akauchukua ukimya huo kuwa ndio jibu, akaokota mkoba wake, akaondoka, kisigino kikigonga sakafu hadi nje. Kalamu alibaki na vikombe viwili, na kitu alichokisikia kifuani kilikuwa nafuu. Kwamba afadhali aonekane malaya kuliko ajulikane alivyo! Hapo ndipo alipojidharau kweli kweli.

Wiki ile afisa wa kazi wa serikali akaandika barua: anakuja kusikiliza shauri la ajali. Mkurugenzi akamwita Kalamu ofisini, akamsukumia daftari la ukaguzi.

"Utasema kifuniko kilikuwa sawa. Daftari linasema hivyo, na daftari ni lako."

Lilikuwa lake. Kila asubuhi saa moja na nusu, chai ikiwa mezani, aliweka alama ya vema na kutia saini, bila kushuka ghorofa mbili kwenda kuona. Siku ya ajali kulikuwa na alama. Alifunua nyuma. Kulikuwa na alama hata siku ile mashine ilipokuwa imefunguliwa kwa matengenezo, vyuma vyake vimetandazwa sakafuni. Alikuwa amepitisha kuwa salama mashine iliyokuwa vipande vipande.

Jumamosi asubuhi akaenda nyumbani kwa mama mdogo. Alimkuta uani akianika nguo kwa mkono wa kushoto, kibanio kakiuma kwa meno.

"Shikamoo, mama."

Akakitoa kibanio mdomoni. "Marahaba. Wewe nakujua. Wewe ni wa ghorofani."

Fundi akatokea mlangoni na beseni, akaganda. Kalamu hakungoja kukaribishwa kiti. Alisema akiwa amesimama, sauti ikimkauka: kazi yake, waya, daftari, fomu, yale mafua ya uongo. Alisema aliwahi kumwambia mkurugenzi habari ya waya mara mbili, akafokewa, na mara ya tatu akanyamaza.

Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho.

"Mnasema niliingiza mkono mwenyewe," alisema. "Kweli niliuingiza. Miaka miwili nauingiza humo, na kila ukishuka kuja kuchukua ripoti unanipita, unaniona, unanisalimia. Ulikuwa unasalimia nini?"

Machozi yalimlengalenga, akayazuia, maana aliona hata kulia pale ni kujipendelea.

"Kwa hiyo huna mke," Fundi alisema polepole.

"Sina."

"Bora ungekuwa naye." Akaingia ndani na beseni lake.

Siku ya shauri, mkurugenzi alikuja na suti ya kijivu, akaeleza vizuri sana: wafanyakazi wanaonywa, mama huyu alikuwa na haraka, hata fomu amekubali kwa dole gumba. Kalamu alipoitwa alisimama mbele ya wenzake wote, na mama mdogo kwenye benchi la mbele, mkono wake kaufunika kwa khanga.

"Nani alifunga swichi?" afisa aliuliza.

"Fundi mitambo wa kiwanda, kwa amri."

"Nani alijua?"

"Mkurugenzi alijua, nilimwambia. Mimi nilijua kila siku. Hizo alama zote kwenye daftari niliziweka nikiwa nimekaa."

Nyuma mtu akasonya kwa nguvu. Mwingine akasema, "Leo ndiyo unasema?" Kalamu alitamani sakafu ipasuke.

Afisa akamgeukia mkurugenzi. "Mtu akichoka hukosea. Akiharakishwa hukosea zaidi. Kifuniko kiliwekwa kwa sababu hiyo, na kukilinda ni wajibu wa mwajiri, si wa vidole vya mama huyu."

Fomu ya dole gumba ikatupiliwa mbali. Mashine zote zikafungwa kwa lakiri hadi zitengenezwe, na kampuni ikaamriwa kumlipa mama fidia na kumtibu. Kalamu akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyempa mkono. Alitoka getini peke yake, akaona ni haki.

Alipata kibarua kwenye karakana ya useremala, ambako alijulikana kwa kusumbua: hakuna msumeno uliowashwa kabla hajaushika kwa mkono wake. Miezi miwili ikapita. Kisha simu ikaita.

"Mama mdogo anauliza kama bado upo hai."

"Nipo. Na wewe, unauliza?"

"Mimi nimepiga tu. Njoo Jumapili."

Alikuja Jumapili hiyo, na iliyofuata, na nyingine. Mama mdogo alimpokea kwa neno moja lile lile: "Sijakusamehe. Kaa." Akampa viazi amenye, naye akamenya. Fundi alimkalia mbali mwanzoni, kisha karibu kidogo. Siku moja mama mdogo alimcheka alivyoshika kisu, akacheka hadi akajishika mbavu, na Kalamu akaona aibu na raha kwa pamoja, asijue aifuate ipi.

Jioni ile Fundi alimsindikiza hadi barabarani. Kalamu akasimama.

"Najua sistahili. Lakini nitakuuliza. Utaolewa na mimi?"

Fundi akatazama magari yakipita.

"Bado kuna siku nakuchukia," alisema. "Nataka uijue hiyo kwanza."

"Naijua."

"Basi niulize mwakani."

Kalamu akahesabu kichwani. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaishia. "Lakini mwakani ni wiki tano tu."

"Kwani nani kakwambia mimi sijui kuhesabu?" alisema Fundi, akageuka kurudi kwa mama yake mdogo.