Nilipiga Mwano kwa Simu, Wakamuua Ndugu Yangu

Nina miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watano, na niliwahi kuwa diwani wa kata moja huku Igunga. Leo watu wakiniona wanavuka barabara... na wana haki!

Nilipochaguliwa nilifungua grupu la kata kwenye simu. Kisima kikiharibika, naandikiwa. Mwalimu asipofika, naandikiwa. "Mheshimiwa anajibu papo hapo!" Nilisifiwa mpaka nikalewa sifa.

Huku kwetu akionekana mwizi wa mifugo hupigwa mwano, yowe la kuwaita sungusungu, walinzi wa jadi. Mwano ukilia, kila mwanamume hutoka na rungu, na hakuna anayesimama kuuliza. Ndiyo maana wazee walikataza mtu kuupiga kabla hajamwona mwizi kwa macho yake.

Mimi nikaupiga kwa simu!

Ilikuwa mchana, niko kikaoni. Ikaingia picha grupuni: mtu ametupa mgongo, anaswaga ng'ombe wawili kutoka boma la mzee aliyekwenda mnadani. Sikuuliza. Nikarekodi sauti: "Mwano! Mwano! Asivuke mto huyo!"

Baada ya nusu saa ikaja video. Niliweka dole gumba kuwapongeza, hata sijaifungua... Ee Mungu!

Nilipoifungua niliona rungu zikishuka, mawe, damu imejaa machoni. Mtu yule alikuwa akilia, "Mimi ni mdogo wake mheshimiwa! Nimefuata ng'ombe wangu!" Wakamcheka. Mmoja akampiga rungu la taya ili anyamaze.

Alikuwa Masanja, mdogo wangu wa tumbo moja. Ng'ombe walikuwa wake kweli! Aliwaweka kwa yule mzee amtunzie, kama wengi wetu tunavyofanya huku, na alitoka Bukene alikokuwa akiishi kuwachukua awauze, mkewe afanyiwe upasuaji. Mzee alijua, majirani hawakujua. Je, kumpigia mzee simu kungenigharimu nini?

Masanja alikata roho kabla ya kufikishwa zahanati.

Polisi walinihoji, udiwani nikauacha. Hayo si kitu. Msibani mama yangu, ambaye hajawahi kumiliki simu, aliomba awekewe ile sauti. Akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Toka kwangu. Wewe ndiye uliyemuua, wale walikuwa mikono tu."

Ndugu wasomaji, nawasihi, uwe kiongozi au raia, usitume usichokiona! Ukishatuma, huwezi kukimbia ukawatangulia watu ukawazuia. Ile sauti niliifuta palepale msibani... lakini mama bado anaisikia.