Titi la Lupe Linauma

Asubuhi kijijini kwetu huanza kwa mlio wa gogo. Wanawake tunakaa kulizunguka, tunagonga maganda ya mti kwa vigongo mpaka yapanuke na kulainika. Hiyo ndiyo ngatu, nguo yetu ya arusi na ya msiba. Mwezi ule alikuwa anaolewa mdogo wake Lupe. Tuligonga kutwa, na midomo nayo haikupumzika.

"Lupe, unagonga au unabembeleza mtoto?" Vaimoana akamtania. "Ganda hilo litasinzia!"

Tulicheka sana. Lupe naye akacheka, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki vizuri. Lupe ni wifi yangu, namjua. Nikawa namtazama.

Jioni akaniita jikoni. Alikuwa amejifunga kwenye titi la kulia jani la mnonu, mti wetu wa dawa, lililopashwa moto. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Wifi, nikiondoka nitunzie wanangu."

"Unakwenda wapi?"

"Titi linaniuma. Shangazi alikufa kwa saratani ya titi. Na mimi ndiyo hiyo."

"Nani kakwambia? Umemwonyesha nani?"

"Nimeweka jani."

"Jani lina macho? Kesho twende kwa muuguzi."

Kesho yake, kwenye zahanati yetu, muuguzi Kalolaine akafunga pazia. Hakumgusa kwanza. Akauliza: "Linauma lini? Kabla ya hedhi? Yote mawili?"

"Hili moja tu. Kila siku. Nikiinua mkono ndiyo zaidi."

"Una mimba? Unanyonyesha? Kuna dawa unakunywa?"

"Hapana, hapana, hapana."

Akatazama matiti yote mawili, ngozi na chuchu. Akapapasa polepole mpaka kwapani. Kisha akamlaza ubavu wa kushoto, titi likaangukia upande. Akabonyeza mbavu chini yake.

"Mama wee! Hapo hapo!"

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nagonga ngatu."

"Kumbe ninyi ndio mnaotuamsha!"

Lupe akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sikiliza," Kalolaine akasema. "Sijaona uvimbe. Ngozi haijabonyea, chuchu haitoi damu. Kinachouma ni misuli na mbavu, siyo titi. Maumivu peke yake mara nyingi si saratani. Lakini huwezi kujua mwenyewe gizani, ndiyo maana tunapima. Na kwa sababu ya shangazi, njoo upimwe kila mwaka hata usipoumwa."

"Na jani?"

"Liache, limekuunguza. Tumia kitambaa cha uvuguvugu tu. Meza dawa hii ya maumivu, vaa sidiria inayokushika vizuri, pumzisha mkono. Urudi baada ya wiki mbili. Ukipata homa na titi likiwa jekundu, au ukiona uvimbe, njoo siku hiyo hiyo."

"Na arusi?"

"Wenzako wagonge. Wewe bandika vipande vya ngatu kwa uji wa muhogo."

Basi Lupe akawa mbandikaji. Aliporudi kwa muuguzi maumivu yalikuwa yamekwisha. Akatusimulia yote pale kwenye gogo, hata alivyopiga kelele. Wanawake walicheka mpaka vigongo vikawaanguka.

Vaimoana tu hakucheka.

"Shoga, leo umemeza ulimi?" Lupe akamwuliza.

Vaimoana akasema taratibu, "Mimi nina kitu kama kokwa, hapa kwenye titi. Hakiniumi hata kidogo. Ndiyo maana sikujali."

Lupe akaweka chini bakuli la uji. "Kisichouma ndicho cha kukimbiza kwa muuguzi. Inuka."

"Sasa hivi? Na ngatu?"

"Ngatu haina miguu, haitakimbia."

Tukaondoka sote. Kalolaine alipotuona akashika kichwa: "Leo mmeniletea kijiji kizima!" Alipapasa, akakikuta kile kitu, akamwandikia Vaimoana aende mjini. Huko hospitali walipiga picha ya ndani ya titi. Ulikuwa mfuko wa maji tu. Wakaunyonya kwa sindano, ukanywea.

Alishuka kwenye gari akituita kutoka mbali: "Maji! Maji matupu!" Tulimkumbatia, kila mmoja kwa zamu. Yeye akatusukuma akicheka: "Na ninyi je? Nani ameshapimwa? Mbona mnaangalia chini?"

Kesho yake asubuhi gogo halikulia. Tulikuwa kwenye benchi la zahanati, tunagombania nani aingie kwanza.