Kijiko Kwenye Glasi ya Nne

Jioni ile nilitumwa krimu. Mwanaume mzima, kitambi mbele, kipara juu, naambiwa na mke wangu, "Baba, kimbia dukani kabla hawajafunga. Shemeji yako anakuja, na nimemwahidi kile kinywaji chako."

Kile kinywaji: likeri ya kahawa, ile pombe tamu, vodka kidogo, krimu, barafu. Unatikisa kwenye chupa ya jemu mpaka mkono ufe ganzi. Kinashuka kama maziwa ya mtoto, halafu kinapiga kama mjomba mwenye hasira.

Mwaka mzima sikuwa nimekitengeneza. Mke wangu hakujua kwa nini.

Shemeji ni mjane wa Pancha, mwenzangu wa jukwaani miaka kumi na tisa. Jina hilo alilipata kwa kicheko chake: kilichelewa, watu wakishanyamaza, ndipo kilipotoka kama upepo kwenye tairi. Tsssss... Yeye aliigiza mlevi, mimi mwenye baa. Glasini nilimtilia kahawa baridi na maziwa tu, maana Pancha halisi alikuwa na mwaka wa nne tangu aache pombe. Hata dawa ya kikohozi aliisoma kwanza maandishi.

Tulikuwa na sheria mbili. Unachopewa na mwenzako mbele ya watu, unapokea. Na mwenzako akisahau mstari wake, unagonga glasi kwa kijiko mara tatu. Maana yake: sema, zamu yako.

Nikatikisa. Nikamimina glasi tatu. Nikageuka kurudisha krimu kwenye friji, nikageuka tena.

Nne.

Nikacheka. Uzee huo, macho nayo yameanza kuzaliana! Ya nne nikaimwaga kwenye sinki, nikaisuuza, nikaifungia kabatini. Nikafuta mikono.

Nne.

Na harufu... si ya kahawa. Ya poda ya usoni iliyoloa jasho. Niliinusa miaka kumi na tisa, siwezi kuikosea.

Nikabeba tatu, nikatoka mbio za adabu.

Shemeji alinusa glasi yake, hakunywa.

"Shem, harufu hii naijua."

"Kahawa hiyo, shemeji. Hata ofisini ipo."

"Hapana. Siku ile Pancha alirudi kutoka kwenye onyesho ananuka pombe hii hii. Nikamwita mwongo. Miaka minne unanidanganya, nikamwambia. Hakujitetea. Hakumtaja mtu." Akaizungusha glasi. "Toka siku hiyo sikumwona tena bila chupa. Miezi minane, nikamzika."

Mke wangu alimshika bega. Mimi nilishika glasi yangu.

Sasa niseme nisichowahi kumwambia mtu. Siku ile ukumbi ulikuwa baridi, utani wetu unaanguka kama embe bovu. Nyuma ya pazia nikamtilia likeri ya kweli. Utani tu! Aligusisha mdomo, akasita. Alijua. Alinitazama juu ya ukingo wa glasi, mbele ya watu mia mbili. Angeweza kuimwaga. Lakini sheria ni sheria.

Akanywa yote.

Watu walishika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jikoni...

Ting. Ting. Ting.

"Nani yuko huko?" mke wangu akanong'ona.

Shemeji alikuwa ameweka glasi chini. "Ndivyo alivyokuwa akigonga," akasema polepole. "Nani amesahau mstari wake, shem?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema.

"Friji hilo, shemeji. Limezeeka, linagonga kama meno ya bandia."

Wakacheka. Hata yeye, maskini. Wakacheka, wakanyamaza. Ndipo nyuma ya mlango...

Tsssss...

Nilikwenda. Hapakuwa na mtu. Glasi ya nne ilikuwa tupu, na kijiko kimelazwa juu yake, bado kinatikisika.

Tangu hapo ni kila magharibi. Nimegawa vijiko vyote. Nyumba hii hata supu tunaisumbua kwa uma. Bado kinagonga. Nimekwenda kwa shemeji mara tatu, na mara tatu nimemwachia vichekesho. Mdomo uliolisha familia yangu umegoma kazi moja tu.

Ndiyo maana naandika. Shemeji, mumeo hakukudanganya. Niliyemimina ni mimi. Alininyamazia mpaka kaburini, na mimi nikabeba jeneza lake nikilia kama mtu safi.

Basi. Nimesema, Pancha. Kesho asubuhi nitaisukuma karatasi hii chini ya mlango wake.

Ting.

Nimesema kesho, ndugu yangu.

Ting.

Sawa. Sawa! Leo. Acha nivae viatu.

Niliviacha chini ya kitanda, nakumbuka vizuri. Sasa viko mlangoni, vimepangwa, vimeelekea nje.

Na pembeni yake kuna jozi nyingine, inanuka poda ya usoni.